Kabla hatujarushiana maneno kuhusu bei ya stima

Kila uchaguzi ukinusia, mjadala wa stima hurudi na sentensi mbili tu. Wa kwanza anasema bei iko juu kwa sababu ya kampuni binafsi zinazotuuzia umeme. Wa pili anasema ni haya mambo ya mazingira, ati tungechoma makaa ya mawe kama wengine, viwanda vingerudi. Nimezisikia hizo sentensi mpaka nikaona niandike huu uzi. Humu hamna jina la mwanasiasa wala chama, kwa hivyo msinitafutie rangi.

Naanzia mbali kidogo, wenye haraka mnivumilie.

Mtambo wa kwanza wa stima Mombasa ulikuwa mtumba. Sultani Barghash wa Zanzibar alikuwa ameununua 1875 kuwashia taa kasri lake, na mwaka wa 1908 mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, akauchukua. Mwaka huohuo Nairobi nayo ikapata kampuni yake. Mbili hizo ziliungana 1922 zikawa East African Power and Lighting, babu wa hii kampuni inayowatumia tokeni leo. Yaani stima hapa ilianza kama biashara ya kuuzia wenye pesa mijini. Kijiji hakikuwemo kwenye hesabu.

Kisha tukategemea jirani. Bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa Uganda 1954, kampuni mpya iliundwa hapa ili kujenga laini kutoka Tororo hadi Nairobi. Baada ya uhuru tukageukia Mto Tana: Kindaruma 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Maji ni bei rahisi sana ukishamaliza kulipia zege. Shida ni kwamba mabwawa yote hayo yanakunywa mto mmoja. Mvua ikikosa juu, yanakauka pamoja.

Hapo ndipo hadithi yetu ya leo inapoanzia hasa. Ukame wa 1999 na 2000 ulituweka gizani. Stima ikawa kwa mgao, viwanda vikafanya kazi kwa ratiba, mitambo ya dizeli ikaletwa kwa dharura. Mtu aliye gizani hapatani bei vizuri. Tangu miaka hiyo ya tisini serikali ilikuwa imeanza kutia saini mikataba na wazalishaji binafsi, na ukame ukafanya kila mtu aone mkataba wowote ni afadhali kuliko giza.

Mikataba hiyo ina mambo mawili ambayo wanaobishana huyaruka. La kwanza ni malipo ya kuwa tayari. Ni kama kukodi matatu siku nzima: ukipanda usipopanda, mwenye gari anataka hela yake. La pili ni sarafu. Mingi imeandikwa kwa dola au yuro, na sisi tunalipa bili kwa shilingi. Mwanzo wa 2022 dola ilikuwa kama shilingi 113. Januari 2024 ikafika karibu 160. Hakuna aliyechoma hata lita moja zaidi ya dizeli, lakini bili ilipanda. Chukua risiti yako ya tokeni uangalie: kuna kipengele cha mafuta, cha sarafu za kigeni, cha mfumuko wa bei, tozo ya kupeleka stima mashambani, VAT ya asilimia 16. Umeme wenyewe ni sehemu tu ya hiyo karatasi.

Sasa tuje kwa yule wa makaa ya mawe.

Mwaka wa 2013 ulitangazwa mpango wa kuongeza zaidi ya megawati 5,000 ndani ya miezi 40. Wakati huo nchi nzima, saa zile za jioni kila mtu amewasha taa, haikuwa inatumia hata 1,500. Hoja ilikuwa: stima ikiwa nyingi itashuka bei na viwanda vitakuja. Inasikika vizuri jukwaani. Lakini ukikumbuka ile matatu ya kukodi, unaona tatizo: umekodi matatu ishirini na abiria ni wa nane.

Mtambo wa Lamu ulikuwa ndani ya mpango huo. Megawati 1,050, makaa yaagizwe kwa meli kutoka nje, karibu na mji wa kale ambao UNESCO iliuweka kwenye urithi wa dunia 2001. Watu wa Lamu walipigana, na Juni 2019 jopo la mazingira likafuta leseni, hasa kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kuna wanaosema hapo ndipo tulipoteza stima ya bei nafuu. Mimi sioni unafuu. Ungekuwa mkataba mwingine wa kigeni, na malipo ya kuwa tayari kwa mtambo mkubwa kuliko nusu ya matumizi ya nchi nzima wakati huo.

Lakini wapenzi wa kijani nao wasishangilie mapema. Upepo wa Turkana, mitambo 365 kule Loiyangalani, Marsabit, ulikuwa tayari kabla ya laini ya kuuleta Suswa. Mkandarasi wa laini, wa kutoka Uhispania, alifilisika katikati ya kazi. Umeme ulianza kuingia kwenye gridi Septemba 2018, na kwa ucheleweshaji huo tukatozwa zaidi ya shilingi bilioni 5. Benki ya Dunia ilikuwa imejiondoa 2012 ikihofia tutalipia umeme tusioweza kuutumia. Na 2021 mahakama Meru ikasema hati za ardhi ya mradi zilipatikana bila kufuata utaratibu. Upepo ni safi, sawa. Makaratasi yake siyo.

Mvuke wa Olkaria ndio umetuokoa, na hausifiwi vya kutosha. Mtambo wa kwanza uliwaka 1981, halafu kwa miaka mingi tukatambaa. Mwaka wa 2008 serikali ikaunda kampuni ya kuchimba visima, ili hatari ya kukosa mvuke ibebwe na umma badala ya mwekezaji. Mitambo mikubwa ilipoingia 2014, kipengele cha mafuta kwenye bili kilishuka, na wenye viwanda waliona. Leo karibu asilimia 90 ya umeme tunaozalisha hautokani na mafuta. Kwa hiyo anayesema mazingira ndiyo yamepandisha bei, aelekeze kidole kwenye mtambo gani hasa?

Machi 2021 kamati iliundwa kuchunguza mikataba. Ikapendekeza bei ishuke kutoka wastani wa shilingi 24 kwa uniti hadi 16. Januari 2022 tulipata punguzo la asilimia 15. Awamu ya pili haikufika. Aprili 2023 bei mpya zikaja, na kiwango cha mtu wa kipato cha chini kikakatwa kutoka uniti 100 kwa mwezi hadi 30. Mama mwenye friji ndogo ya kuuza maziwa akatolewa hapo kimyakimya.

Wakati huohuo viwanda vikubwa vimeanza kuweka sola juu ya paa zao. Siwalaumu, hesabu zao ziko sawa. Lakini kila kiwanda kinachopunguza kununua mchana kinaacha yale malipo ya kuwa tayari mezani, na wanaobaki mezani ni fundi wa kuchomelea vyuma, kinyozi, na wewe. Na usiku wa manane, upepo wa Turkana ukivuma na watu wamelala, Olkaria hulazimika kupunguza uzalishaji, mvuke mwingine ukiachwa upae bure huku mikataba ikiendelea kuhesabu.

Mgombea akikuahidi stima ya bei nusu, muulize atafungua mkataba upi, unaisha mwaka gani, na umeandikwa kwa sarafu ipi.