Panya, mkojo na watu wa mitaro ya London

Ukiuliza hatari ya kufanya kazi ndani ya mtaro wa majitaka ni ipi, wengi watakujibu: harufu. Hata Edwin Chadwick, aliyepigania usafi wa miji ya Uingereza miaka ya 1840, aliamini kabisa kwamba uvundo ndio unaoleta magonjwa. Mwaka 1858 mto Thames ulinuka hadi wabunge wakashindwa kukaa, ndipo mhandisi Joseph Bazalgette akapewa kazi ya kujenga mitaro mikubwa chini ya London. Uvundo ukapungua. Ila mitaro haijisafishi yenyewe, jamani. Watu waliingia humo na kuwakuta wenyeji wao: panya.

Mwaka 1886, huko Heidelberg, daktari Adolf Weil alieleza ugonjwa wa homa kali, macho kugeuka manjano na figo kuharibika. Kinachousababisha hakukijua. Mwaka 1907 Mmarekani Arthur Stimson alitazama kwa darubini kipande cha figo ya mtu aliyedhaniwa kufa kwa homa ya manjano, akaona vijidudu vilivyojisokota, ncha zimepinda kama alama ya kuuliza. Akaviita *interrogans*, yaani vinavyouliza. Kisha mwaka 1915 Ryokichi Inada na wenzake, waliochunguza wachimbaji wa makaa ya mawe wa Kyushu, Japani, wakathibitisha kwamba bakteria huyo ndiye mkosaji. Muda mfupi baadaye wakamkuta kwenye figo za panya.

Hapo ndipo utamu wa habari ulipo. Panya mwenyewe haumwi! Anatoa bakteria kwenye mkojo tu, nao wanaishi kwenye maji na matope kwa wiki kadhaa, wakisubiri mchubuko kidoleni au tone la maji jichoni. Harufu haihusiki kabisa.

Sasa piga hesabu. Panya alijulikana mwaka 1917. Taarifa ya Neil Hamilton Fairley kuhusu ugonjwa wa Weil kwa wafanyakazi wa mitaro ya London ilitoka mwaka 1934. Miaka 17! Kwa maoni yangu, sababu moja ni hii: ugonjwa huanza kama mafua makali, yaani homa, kichwa na maumivu ya misuli ya miguu, na mara nyingi ni wiki moja au mbili baada ya kuambukizwa. Wengi hawafiki hata hatua ya macho manjano. Mgonjwa anafika kwa daktari ameshaoga, amevaa vizuri. Asipoulizwa kazi yake, nani atawaza panya? Leo Uingereza wapo wafanyakazi wanaotembea na kadi ndogo mfukoni ya kumwonyesha daktari.

Kwetu ugonjwa huu unao jina: homa ya mgunda. Ulisikika sana Julai 2022, watu wa Ruangwa, Lindi, walipougua homa na kutokwa damu puani, tukahofia Ebola na Marburg hadi vipimo vikakanusha. Mgunda ni shamba, na jina hilo linampeleka mtu moja kwa moja kwa mkulima. Lakini vijana wanaotapisha vyoo Dar es Salaam kwa ndoo na koleo, wengine bila glavu wala buti, hawalimi. Kama wewe ni mmoja wao na homa imekushika, usingoje kuulizwa: mwambie daktari kazi yako kwanza. Dawa za antibayotiki zipo, na hufanya kazi vizuri zaidi zikianzwa mapema, kabla figo hazijaguswa.