Ngazi Inayomtoroka Mtoto

Mwalimu wa darasa la awali akijiendeleza kimasomo, zawadi ya kwanza anayopewa ni kuondolewa katika darasa la awali. Ameanza na astashahada, akiketi mkekani na watoto wa miaka mitano wanaojifunza kushika penseli. Amesoma wakati wa likizo, amerudi na stashahada, amepanda daraja. Akifika shahada, wenzake huanza kumwona kama mtu aliyepotea njia: msomi mzima anafanya nini na watoto wa kamasi? Basi atapewa darasa la mtihani, au ukuu wa shule, au atakuwa ofisa elimu kata, au mthibiti ubora. Kila hatua ni halali, na nyongeza ya mshahara ni haki yake. Ila ukiichora ngazi hiyo ukutani utaona kwamba kila kipandio kinamweka mbali zaidi na mtoto aliyeanza naye.

Je, kuna watu waliojenga ngazi ya namna nyingine? Nimechagua kuliuliza swali hili nikiwa Nduruma, kata ya Halmashauri ya Wilaya ya Arusha yenye jina moja na mto unaoshuka kutoka Mlima Meru kuelekea bonde la Pangani. Juu mlimani ni migomba na kahawa, katikati mashamba makubwa ya maua, chini tambarare ya mahindi, maharage na mifugo. Mama anayekata maua shambani hutoka mtoto wake akiwa bado amelala. Mama mwenye ndizi za kuuza huwahi gulio la Tengeru. Mtoto huachwa kwa bibi, kwa dada wa kazi, kwa mama jirani anayelea watoto wa wenzake kwa malipo kidogo, kwenye chekechea ya usharika, au katika darasa la awali la shule ya serikali. Kila mmoja kati ya hao anatoka katika mila tofauti ya malezi, na kila mila ina jibu lake kuhusu nani anafaa kukaa na mtoto, na baada ya hapo anapanda kwenda wapi.

Nianze na mila ya wenyeji. Kwa Wameru na Waarusha, kama kwa jirani zao wengi, aliyembeba mtoto mgongoni mchana kutwa alikuwa mara nyingi binti mdogo, dada yake au binamu, naye mwenyewe hajatoka utotoni. Aliyekuwa na kauli juu ya malezi alikuwa bibi. Katikati yao, wanawake wenye nguvu walikuwa shambani, mtoni na sokoni. Upande wa wavulana wa Kiarusha, mtoto alikabidhiwa kwanza ndama na wanambuzi karibu na boma, akasogezewa mbuzi, na ng'ombe akawapata alipothibitika kuwa hawapotezi. Cheo kilikuja na rika, na rika zima lilipanda pamoja. Kinachonivutia ni namna ncha mbili za umri zilivyokutana kwa mtoto: anayeanza maisha ya kazi na anayeyamaliza. Bibi alirudi kwa watoto akiwa na heshima kubwa kuliko alipowaacha, na hakuna aliyesema ameshushwa cheo. Tusipambe sana. Binti yule hakulipwa, na mara nyingi hakusoma. Hata hivyo mduara ule ulikuwa na kitu ambacho muundo wa utumishi hauna: njia ya kurudi.

Pwani kuna mila nyingine, ya chuo cha Kurani, ambako watoto wakubwa waliohitimu juzuu huwafundisha wadogo, na mwalimu hupata idhini ya kufundisha kutoka kwa mwalimu wake mwenyewe. Mwaka 1982 viongozi wa Kiislamu wa pwani ya Kenya walimwomba Aga Khan msaada, kwa kuwa watoto wao walikuwa wakibaki nyuma katika shule za kawaida. Kazi ikamwangukia mwalimu mmoja wa Mombasa, Bi Swafiya Said. Shule ya kwanza ya mpango wa Madrasa ilifunguliwa Mombasa mwaka 1986, Zanzibar ikafuata mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Mbinu ya kufundishia ilichukuliwa kwa HighScope ya Michigan, Marekani, inayomtaka mtoto apange mchezo wake, aucheze, kisha asimulie alichofanya. Lakini zana zilikuwa makombe, vifuu, mbegu na vitambaa, nyimbo zilikuwa za Kiswahili, na dini haikuachwa mlangoni.

Sehemu yenye somo kwetu ni jinsi mpango huo ulivyowapata walimu. Jamii ilichagua wanawake wa mtaa wenyewe, wengi wao wakiwa na elimu ndogo ya sekondari au wasioimaliza. Walifunzwa huku wakifundisha. Mkufunzi hakuwangoja ofisini, alikuja darasani, akakaa nao, akatazama, wakazungumza watoto walipokwisha kwenda nyumbani. Mwanamke aliyekomaa katika kazi aliweza naye kuwa mkufunzi wa wengine, na ukufunzi huo ulimrudisha katika madarasa mengine ya watoto. Alipanda cheo na bado magoti yake yalikuwa mkekani. Udhaifu ulikuwa kwenye fedha. Mshahara ulitegemea ada ya wazazi na kamati ya shule, na ndiyo sababu mpango ulibuni akiba ya kudumu kwa ajili ya shule, ili faida yake isaidie kuziba pengo. Walimu wengine walipata mafunzo mazuri, kisha wakavutwa na ajira zenye malipo ya uhakika. Siwalaumu.

Mila ya tatu imefika Kaskazini kwa mkono wa makanisa. Maria Montessori, daktari wa Kiitaliano, alifungua nyumba yake ya watoto katika mtaa maskini wa San Lorenzo, Roma, Januari 1907. Kwetu mbinu yake imefundishwa na Wakatoliki huko Msimbazi, Dar es Salaam, na Walutheri katika nyumba ya masista ya Ushirika wa Neema, Moshi, safari fupi ya basi kutoka Nduruma. Katika darasa la Montessori watoto wa miaka mitatu hadi sita hukaa pamoja, na mwalimu hukaa nao kipindi chote hicho. Ukubwa wake unapimwa kwa kutazama kwake: anajua lini amwoneshe mtoto kifaa na lini amwache ahangaike. Mkongwe ndiye anayesema kidogo kuliko wote. Hapo ukuaji wa kitaaluma una maana ya kuzama ndani ya kazi ileile, jambo adimu. Tatizo ni kwamba shule nyingi za namna hiyo ni binafsi, malipo yanategemea mwenye shule na uwezo wa wazazi, na siku hizi bango lenye jina la Montessori linaweza kutundikwa na mtu yeyote mwenye viti vya rangi.

Sasa serikali. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 iliiweka elimu ya awali katika mfumo rasmi, na ya mwaka 2014 ikaifanya ya lazima kwa mwaka mmoja. Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, watoto walimiminika: zaidi ya milioni 1.5 waliandikishwa katika madarasa ya awali mwaka huo. Kiwango kinachotakiwa ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, na kila anayeyajua madarasa yetu anajua hali halisi ilivyo. Mtaala unataka kona za ujifunzaji na vipindi vya dakika 20. Darasa la watoto themanini halina nafasi ya kona hata moja.

Pamoja na hayo nitaitetea Tanzania katika jambo moja. Mwalimu wa awali aliyeajiriwa na serikali yumo katika muundo uleule wa walimu wenzake: astashahada huanzia TGTS B, stashahada TGTS C, shahada TGTS D, chini ya Tume ya Utumishi wa Walimu ileile na pensheni ileile. Vuka mpaka wa Namanga uone tofauti. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliikabidhi elimu ya awali kwa kaunti 47, wakati walimu wa msingi na sekondari walibaki kwa tume ya taifa. Kaunti zilijenga madarasa na kuajiri maelfu ya watu ambao zamani walilipwa na wazazi, na hilo ni jambo kubwa. Lakini mwalimu wa awali anaweza kuwa na cheti sawa na mwenzake wa kaunti ya pili na wakalipwa tofauti, mmoja kwa mkataba, mwingine kwa ajira ya kudumu. Uganda nayo, kwa Sera ya Taifa ya Walimu ya mwaka 2019, imetaka kila mwalimu awe na shahada, hata wa watoto wadogo, ilhali shule nyingi za awali ziko mikononi mwa watu binafsi. Sijui ni mzazi gani wa kijijini atakayeulipia mshahara wa shahada hiyo.

Kosa letu liko kwingine. Muundo wetu unalipa cheti na miaka ya kazi, ila haujui kumlipa mtu kwa umahiri wa kukaa na rika fulani la watoto. Kwa hiyo mwalimu mkuu mwenye upungufu humpanga awali yeyote aliyepo, na yule aliyesomea hasa elimu ya awali anaweza kujikuta anafundisha darasa la tano.

Na kuna ngazi ya pili ambayo wengi hawaioni. Mtoto asiyefika umri wa shule yuko chini ya ustawi wa jamii: kituo cha kulelea watoto mchana husajiliwa huko, na mlezi wake husomea kozi za malezi kama zile za Kisangara, wilayani Mwanga. Siku mtoto anapoingia darasa la awali anahamia wizara nyingine. Mtoto huvuka kwa siku moja. Mlezi, kwa kawaida, hawezi: miaka kumi ya kulea haimpunguzii muhula hata mmoja akitaka kuwa mwalimu. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyopangwa kuanzia 2021/22 hadi 2025/26, ilikusudia kuziunganisha sekta hizi kwa ajili ya mtoto wa miaka 0 hadi 8. Ningependa iunganishe na kazi za watu wanaomlea, maana mama jirani wa Nduruma mwenye watoto sita barazani ni mwanataaluma anayesubiri kutambuliwa, na pengine anamjua kila mmoja wao kuliko mwenye shahada anavyowajua themanini.

Mfano wa ngazi isiyomtoroka mtoto upo Reggio Emilia, kaskazini mwa Italia. Mwaka 1945, vita vilipoisha, wanakijiji wa Villa Cella walijenga shule ya watoto kwa fedha za kuuza kifaru na farasi walioachwa na Wajerumani. Loris Malaguzzi, mwalimu kijana, alikwenda kutazama na hakuondoka tena katika kazi hiyo. Manispaa ilianza kufungua shule zake mwaka 1963. Kila darasa lina walimu wawili wenye hadhi sawa, shule ina mwalimu wa sanaa anayefanya kazi nao, yupo mshauri wa malezi anayezizungukia shule kadhaa, na mwalimu mkuu hayupo. Huko mtu hukua kwa kuandika anachokiona kwa watoto na kukijadili na wenzake kila wiki, katika saa anazolipwa.

Hatuna haja ya kusafiri hadi Italia kwa kila jambo. Chuo cha Ualimu Patandi, kule Tengeru, kimewafunza kwa miaka mingi walimu wa elimu maalumu. Mwalimu anayekwenda huko anarudi na ujuzi zaidi, na ujuzi huo unamsogeza kwa mtoto mwenye uhitaji. Ndani ya eneo hilihili la mlimani, basi, tayari kuna aina ya ualimu ambamo kusoma na kubaki na mtoto ni safari moja. Elimu ya awali inahitaji mpango kama huo: cheo cha mwalimu mahiri wa awali, chenye mshahara wa mwalimu mkuu, kwa sharti la kubaki darasani. Vikao vya MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, vingekuwa mahali pake pa kuwafunza wanaoanza.

Kuna jingine lisilohitaji fedha nyingi. Mtumishi wa umma anastaafu kwa lazima akiwa na miaka 60, umri ambao kwa Wameru wa jana bibi alikuwa bado akikabidhiwa wajukuu. Walimu waliostaafu wamo vijijini Nduruma, wana nguvu, na wanajua kuimba, kusimulia na kunyamazisha. Halmashauri ingewapa asubuhi mbili kwa wiki katika darasa la awali la shule iliyo karibu na nyumbani, kwa posho, pembeni ya kijana aliyetoka chuoni mwaka jana, na ofisa elimu kata anaweza kuanza kuandika orodha yao wiki hii.