Kuchapa Vita vya Kariakoo

Kitenzi chetu 'kuchapa' kinafanya kazi mbili: tunachapa kitabu, na tunamchapa mtu. Mchoraji atakayepewa riwaya ya Vita Vikuu vya Kwanza huku Migori na Homa Bay angeanzia hapo.

Matukio yapo. Septemba 1914 Wajerumani walivuka mpaka wakaingia Kisii. Askari wa Keya, yaani King's African Rifles, walishuka Kendu Bay wakapanda kwa miguu, na tarehe 12 wakapigana nao. Kapteni Thorneycroft akauawa. Karungu nako, meli ya Waingereza Winifred ilitimuliwa na Muansa ya Wajerumani, kisha ikarudi pamoja na Kavirondo. Moshi na mizinga, picha nzuri hizo! Lakini Kisii ilikuwa vita vya siku moja. Kubeba mizigo kuliendelea miaka minne, na wapagazi wengi walitoka Nyanza. Kiswahili kiliwahifadhi kwa jina moja tu, Kariakoo, lililotokana na Carrier Corps. Njaa na kuhara damu viliwamaliza wengi kuliko risasi, na mishahara ya maelfu haikuwafikia jamaa zao.

Mtu huyo anachorwaje? Mjerumani Käthe Kollwitz alimpoteza mwanawe Peter vitani Oktoba 1914, mwezi mmoja tu baada ya Kisii. Mwaka 1923 alitoa picha saba za kuchonga kwenye ubao, akaziita Vita. Humo hamna bunduki. Kuna wazazi, wajane na akina mama, miili iliyojikunja ikirudi tena na tena.

Nami ningemwambia mchoraji wetu achonge kipande kimoja cha lino: mgongo na mzigo. Akichape mwanzoni mwa kila sura, na kila baada ya sura akikwangue zaidi. Kilichokwanguliwa hakirudi, si ndiyo? Mgongo utapungua sura kwa sura, mzigo ubaki vilevile.

Kuna atakayesema kurudia picha moja ni kuwafuta majina mara ya pili, kama jeshi lilivyowafanya namba. Pingamizi hilo lina uzito. Ila chapa ya mkono haitoki sawa mara mbili. Wino huzidi hapa, hukosekana pale. Sura ya mwisho, mgongo ukiwa umekwisha, ningemwomba achape alama ya kidole: vita vilipomalizika, mwanamume Mwafrika alilazimishwa kuvaa kipande shingoni, na ndani yake karatasi yenye alama za vidole vyake.