Programu huria: Nani ana kauli ya mwisho juu ya simu yako?

Ukinunua simu mpya ya Android, iwe Njombe au Kitale, utaikuta tayari ina programu ambazo hukuziomba. Nyingine ukijaribu kuzifuta zinakataa. Zinakula nafasi, zinakula bando, na hazitoki. Lakini ndani kabisa ya simu hiyohiyo kuna Linux, kazi ya mikono ya maelfu ya watu, iliyotolewa kwa leseni inayomruhusu yeyote kuisoma, kuibadili na kuigawa. Imekuwaje kitu kilichojengwa kwa uhuru kikufikie kimefungwa?

Mwaka 1983 Richard Stallman, mtaalamu wa kompyuta katika taasisi ya MIT nchini Marekani, alitangaza kwamba ataandika mfumo endeshi mzima ulio huru. Mfumo endeshi ni ile programu mama inayowezesha programu nyingine zote kufanya kazi. Aliuita GNU. Kabla ya hapo kilichomkera ni printa. Maabara yake ilipewa printa ya kampuni ya Xerox iliyokuwa ikikwamisha karatasi. Alitaka kuongeza maelekezo ili printa iwajulishe watumiaji ikikwama, kama alivyofanya kwa ile ya zamani, ila akanyimwa maandishi ya programu yake. Fikiria jembe ambalo mpini ukivunjika, fundi wa kijijini haruhusiwi kuugusa mpaka urudi kwa kiwanda.

Stallman alidai mtumiaji awe na uhuru wa aina nne: kuitumia programu kwa kazi yoyote, kuichunguza na kuibadili, kugawa nakala zake, na kugawa ile aliyoibadili. Kiswahili kina bahati hapa, kwa sababu "bure" na "huru" kwetu ni maneno mawili. Kiingereza kinatumia neno moja, na ubishi haujaisha. Programu huria inaweza kuuzwa, na programu ya bure inaweza kukufunga mikono. Kwa uhuru huohuo, mwaka 2004 mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, bila kusubiri kampuni ya ng'ambo ione kama sisi ni soko.

Sehemu iliyokosekana kwenye GNU ilikuwa kiini kinachozungumza na mashine. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Finland, Linus Torvalds, alitoa Linux, na mwaka uliofuata akaiweka chini ya leseni ya GNU.

Ahadi mbili zinapogongana

Mvutano wa maadili na chaguo la mtumiaji unaonekana vizuri zaidi kwa Debian, mfumo ulioanzishwa mwaka 1993 na Ian Murdock na kuendeshwa na watu wa kujitolea. Mwaka 1997 waliandika mkataba wao na jamii. Waliahidi kwamba Debian itabaki huru kwa asilimia 100. Waliahidi pia kwamba watatanguliza mahitaji ya watumiaji pamoja na programu huria.

Tatizo ni kwamba vifaa vingi, hasa vya waifai, haviwaki mpaka vipewe programu ndogo ya mtengenezaji, na hiyo huwa imefungwa. Kwa miaka mingi kisakinishi rasmi cha Debian hakikuwa nazo. Mtu anaweka Debian kwenye kompyuta yake ya mtumba, anamaliza, halafu waifai haipo. Faili analohitaji liko kwenye intaneti, na intaneti ndiyo anayoikosa.

Mwaka 2022 wanachama walipiga kura wakabadili mkataba. Tangu Debian 12, iliyotoka Juni 2023, kisakinishi rasmi kinazo programu hizo, na asiyezitaka anaweza kuzizuia. Taasisi ya programu huria aliyoianzisha Stallman haiupendekezi Debian. Inapendekeza mifumo kama Trisquel, isiyo na kipande kilichofungwa. Hoja ya upande huo si ya kupuuzwa: ukimkubalia mtengenezaji leo, kesho ana sababu gani ya kufungua? Hata hivyo, kumnyima waifai mtu wa mtumba ili kumwadhibu mtengenezaji ni kumchapa asiyehusika. Kwa maoni yetu Debian waliamua sawa.

Turudi kwenye simu

Msingi wa Android nao ni huria. Lakini Play Store, Gmail na ramani za Google zimefungwa, na mtengenezaji wa simu anayezitaka huingia mkataba na Google. Mwaka 2018 Tume ya Ulaya iliitoza Google faini ya euro bilioni 4.34 kwa masharti ya aina hiyo, likiwemo la kuweka kivinjari chake na huduma yake ya kutafuta kwenye kila simu yenye Play Store. Mahakama iliipunguza mwaka 2022 hadi bilioni 4.125.

Kuna mifumo mbadala, kama LineageOS, inayoweza kuipa uhai simu ambayo kampuni imeacha kuisasisha. Usikimbilie lakini. Lazima kwanza kufuli la simu lifunguliwe, jambo linalofuta kila kitu kilichomo, na kampuni nyingine hazikubali. Ukikosea hatua, simu inaweza isiwake tena. Baadhi ya programu za benki pia hukataa kufanya kazi kwenye simu iliyobadilishwa, ingawa menyu za nyota na reli hazihitaji programu. Kama simu hiyo ndiyo pekee nyumbani, usiifanyie majaribio.

Njia nyepesi ni F-Droid, duka la programu huria lililoanza mwaka 2010. Unalipakua kwenye tovuti yake kwa kivinjari, na simu itakuomba ruhusa kwanza. Halikudai akaunti wala barua pepe. Programu ikiwa na jambo la kutilia shaka, mfano matangazo au kufuatilia nyendo zako, duka linaandika onyo hapohapo chini ya jina lake, kisha linakuachia wewe uamue kuiweka au kuiacha.