Historia Fupi ya Ngisi wa Bandia: Kutoka Gamba la Kauri Hadi Plastiki Laini

Katika maduka ya zana za uvuvi siku hizi utakuta ngisi wa bandia wa kila rangi, mwili laini na minyiri inayochezacheza. Swali ninaloulizwa ni moja: kwa nini nitoe fedha kununua ngisi wa plastiki wakati ngisi wa kweli wamo baharini? Jibu limo ndani ya historia ya chambo hiki, kwa hiyo leo tuipitie.

Kabla ya plastiki

Wazo la kumdanganya kiumbe wa bahari kwa umbo na mwendo ni la zamani sana. Katika visiwa vya Pasifiki kama Tonga na Samoa, wavuvi walifunga vipande vya gamba la kauri kwenye jiwe, wakaweka mkia, kikatokea kitu kinachofanana na panya. Hadithi zao husema panya aliwahi kumdhihaki pweza aliyemwokoa majini, na tangu hapo pweza hamsamehe. Mvuvi hukichezesha chambo hicho kutoka mtumbwini, pweza hukikumbatia, naye hupandishwa.

Japani nako, upande wa kusini katika eneo la Kagoshima, wavuvi wa enzi ya Edo (1603–1868) walichonga vijiti vyenye umbo la kamba au samaki mdogo na kuvitia sindano mkiani. Chambo hicho huitwa egi, na kazi yake ni kumnasa ngisi. Bado kinatumika hadi leo, ingawa sasa kingi hutengenezwa kwa plastiki na kuvikwa kitambaa.

Angalia kwamba vyambo hivi vyote viwili vilimlenga pweza au ngisi mwenyewe. Ngisi wa bandia tunayemzungumzia leo ni kinyume chake: anamwiga ngisi ili kumpata samaki anayemla, kama jodari, nguru, kolekole na nduwaro. Ili kumwiga vizuri ilihitajika malighafi laini.

Mji mmoja, vumbuzi mbili

Malighafi hiyo ilitoka mbali na bahari, katika mji wa Akron, jimbo la Ohio, Marekani, uliojulikana kwa viwanda vya matairi. Mwaka 1926 mtaalamu wa kemia Waldo Semon, wa kampuni ya B.F. Goodrich, alikuwa akitafuta gundi ya kushikisha mpira kwenye chuma. Alipochemsha plastiki ya PVC, ileile ya mabomba ya maji, pamoja na vimiminika fulani, akapata kitu laini kinachonyumbuka. PVC ni ngumu kwa asili. Kinacholainisha ni mafuta maalumu yanayochanganywa ndani yake.

Katika mji huohuo, mwaka 1949, fundi mitambo Nick Creme na mkewe Cosma walipika mchanganyiko wa namna hiyo jikoni kwao na kuumwaga kwenye kalibu ya mnyoo. Mnyoo wao ulikuwa wa kuvulia samaki wa maji baridi, lakini ulifungua njia kwa vyambo laini vya kila umbo.

Hawaii na uvuvi wa kukokota

Baada ya Vita Kuu ya Pili, manahodha wa boti za Kona, Hawaii, akiwamo Henry Chee, walitengeneza vichwa vya chambo kwa rezini na kuvivika vipande vya mpira vilivyochanwachanwa kama minyiri. Baadaye minyiri ya plastiki laini ya viwandani ikachukua nafasi. Kwenye pwani ya magharibi ya Amerika Kaskazini, wavuvi wa kibiashara wa samaki aina ya samoni nao walikokota ngisi wa plastiki.

Hapa kwetu anayerambaza kwa manyoya ya kuku au nyuzi za kamba ya nailoni anafuata kanuni hiyohiyo.

Tunajifunza nini?

1. Jua unachonunua. Chenye taji la sindano mkiani ni cha kumnasa ngisi. Chenye mwili ulio wazi ndani na minyiri mirefu ni cha kurambazia samaki. Ukivichanganya utarudi mikono mitupu.

2. Fuata mwendo wa ngisi. Ngisi anapokimbia hutanguliza ncha ya mwili, minyiri ikabaki nyuma. Pitisha mshipi kwenye ncha hiyo, weka ushanga au chubwi ndogo ndani, na ndoana ifichwe katikati ya minyiri.

3. Hana harufu. Chambo hiki kinategemea mwendo. Kwa kurambaza kinafaa. Kwa mshipi unaotulia chini usiku, ngisi mbichi bado ni bora; au tundika kipande chake kwenye ndoana ya chambo bandia.

4. Tunza yale mafuta. Jua kali huyatoa na chambo hukakamaa. Pia vyambo laini vya aina tofauti vikirundikwa pamoja huweza kuyeyushana. Vitenge, viweke kivulini.

5. Usitupe baharini. Minyiri ikichakaa, badilisha minyiri peke yake na utunze kichwa. Mabaki yarudishe pwani.

Sasa jibu la swali letu. Ngisi mbichi huliwa kwa pigo moja la samaki, na ngisi huyohuyo ungemuuza au kumpeleka jikoni. Wa plastiki hutumika safari nyingi. Kwa hiyo kama kazi yako ni kurambaza, nunua wawili watatu uwajaribu kabla ya kujaza kisanduku. Kama unavua kwa mshipi wa chini, fedha hiyo itunze. Na kama huna fedha kwa sasa, kumbuka manahodha wa Kona walianza kwa vipande vya mpira.