Uongozi wa Shule Ulivyofikiriwa Kariakoo

Anayetaka kujua Watanzania walipata wapi fikra zao kuhusu uongozi wa elimu asianzie Chuo Kikuu cha Mlimani wala wizarani. Aanzie Mtaa wa Lumumba, jijini Dar es Salaam, pale Kariakoo inapopakana na Mnazi Mmoja.

Kabla ya fikra hizo kuchipuka mtaani humo, shule za serikali zilikuwa za wakoloni. Wajerumani walifungua ya kwanza Tanga mwaka 1892, kwa sababu walihitaji makarani na maakida. Waingereza wakagawa shule kwa rangi: Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao. Mkuu wa shule alikuwa mtu wa serikali, na mzazi wa Kariakoo hakuwa na pa kumuuliza kitu.

Wenyeji hawakukaa kungoja. Mwaka 1933 Kleist Sykes na wenzake waliunda chama cha Al-Jamiatul Islamiyya fi Tanganyika, wakajenga shule yao Kariakoo ili mtoto asome Kurani na masomo ya kisasa chini ya paa moja. Sykes huyo ndiye aliyekuwa katibu mwasisi wa chama cha African Association mwaka 1929. Mikono ile ile ilishika siasa na ikashika shule. Kwangu mimi hilo ndilo wazo kubwa kuliko yote yaliyofuata: shule ni ya waliochanga kuijenga, na anayeiongoza hujibu kwao.

Nyerere alilikuta wazo hilo mjini alipokuja kufundisha shule ya Pugu mwaka 1953. Chama chake cha TANU kilizaliwa Julai 7, 1954, katika mtaa huo huo wa Lumumba, wakati huo ukiitwa New Street. Mwaka uliofuata alilazimika kuchagua kati ya chaki na siasa. Aliacha kazi, lakini watu waliendelea kumwita Mwalimu, na aliongoza nchi kama mwalimu mkuu.

Chama kilipopata jengo jipya Lumumba, kilikiachia chuo kikuu kichanga cha nchi. Oktoba 25, 1961, wiki sita kabla ya Uhuru, wanafunzi wachache wa sheria walianza masomo humo chini ya Cranford Pratt, Mkanada. Hapakuwa na ua wala kilima cha kuwatenga na raia. Akitoka darasani, mwanafunzi alikuwa tayari mtaani, kwa wachuuzi, wapagazi na wanachama ambao chama chao ndicho kilichompa paa.

Mwaka 1964 chuo kilihamia Mlimani. Nafasi ilihitajika, sikatai, lakini ukaribu ule ulipotea upesi. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga Jeshi la Kujenga Taifa na makato ya mishahara yaliyoambatana nalo. Nyerere aliwasikiliza, akawarudisha makwao wapatao 400, kisha akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi hukumbuka kufukuzwa. Mimi naona somo la uongozi liko kwenye ule mshahara. Miezi mitano baadaye, Machi 1967, aliandika *Elimu ya Kujitegemea*, akitaka walimu na wanafunzi wawe jamii moja inayofanya kazi pamoja na kuamua pamoja.

Shule nyingi zilichukua nusu moja tu. Jembe likawa adhabu, maamuzi yakabaki ofisini kwa mwalimu mkuu.

Nusu ya pili ilionekana zaidi katika elimu ya watu wazima, ambayo taasisi yake ilibaki Lumumba chuo kilipohama. Kampeni ya redio ya Mtu ni Afya, mwaka 1973, ilikusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi. Walisikiliza kipindi, wakajadiliana, wakakubaliana nani achimbe choo na lini, kisha wakachimba. Kiongozi wa kikundi alikuwa jirani yao, naye alichimba cha kwake.

Leo wazo hilo linajaribiwa tena Kariakoo. Katika Shule ya Uhuru Mchanganyiko, watoto wasioona na wenye ualbino wanasoma pamoja na wenzao, huku nje honi na vipaza sauti vya wauzaji havinyamazi. Kuongoza shule ya namna hiyo ni kazi nzito, na serikali kufuta ada hakukumwondolea mzazi wajibu wake. Walimu wakuu wa Kariakoo, iteni vikao saa ambayo mama wa genge na kijana wa fremu wanaweza kufika. Wekeni hesabu za shule ukutani. Na ninyi wazazi, mkiitwa, nendeni mkaulize.