Poka ya nyumbani: kuficha karata za nguvu kunaweza kukuletea hasara

Katika poka, kuna wakati muchezaji anapata karata za nguvu sana, lakini anajifanya kama hana kitu. Haongezi pesa. Anagonga meza ili kupitisha zamu yake, ao anafuata tu pesa ya mwingine. Anataka wenzake wajiamini, waweke pesa, kisha awanase ku mwisho. Ujanja huo ni halali na unajulikana dunia nzima. Lakini ku meza ya nyumbani, kati ya marafiki na majirani, mara nyingi unamugeukia mwenye kuutumia.

Muchezo wenyewe unaendeshwa namna gani

Aina ya poka yenye inachezwa zaidi leo ilitoka Marekani, katika jimbo la Texas, na inaitwa Texas Hold'em. Kila muchezaji anapewa karata 2 za siri. Kisha karata 5 za wote zinafunguliwa ku meza: 3 kwa pamoja, halafu ya 4, halafu ya 5. Kuna zamu 4 za kuweka pesa: moja mbele karata za meza hazijafunguliwa, na moja kisha kila hatua. Kila mara muchezaji anaweza kupitisha kama hakuna mwenye ameweka pesa, kufuata, kuongeza, ao kuachilia karata zake.

Ujanja ulipata jina wapi

Mufano wenye unajulikana zaidi ni wa mwaka 1988, katika fainali ya World Series of Poker kule Las Vegas. Johnny Chan, mwenye alikuwa ameshinda mwaka 1987, alibaki na Erik Seidel peke yao. Chan alishika vale na 9. Karata 3 za kwanza za meza zilikuwa malkia, 10 na 8. Papo hapo akawa na karata 5 zenye kufuatana, na hakukuwa mukono mwingine wa kumushinda wakati ule. Seidel alikuwa na malkia na 7, ni kusema malkia wawili. Chan hakuonyesha nguvu yake. Karata ya mwisho ilipofunguliwa, Seidel akaweka pesa yake yote, na Chan akabeba ushindi wa pili.

Mwaka 1998 filamu Rounders ilionyesha mukono huo, na watu wengi wakaujua. Lakini wenye kuiga wanasahau hali ya siku ile: Chan alikuwa mbele ya mutu mumoja tu, mwenye alikuwa na pesa kidogo kumushinda na alikuwa tayari kushambulia. Meza ya nyumbani haiko vile.

Hatari ya kwanza: watu wengi

Nyumbani watu wanapenda kufuata "ili tuone tu". Asi mbili ndio mwanzo wa nguvu kuliko yote. Mbele ya mutu mumoja mwenye karata zozote, zinashinda karibu mara 85 katika 100. Mbele ya watu 3 wenye wanakaa mpaka mwisho, inashuka mpaka 64. Mbele ya watu 5, inakuwa 49. Mbele ya 8, ni 35 tu. Mwenye kuficha asi zake hapo mwanzo anafungulia wote mulango, na kila mwenye kuingia anakata kipande cha nafasi yake.

Hatari ya pili: karata ya bure

Tuseme una asi mbili nyeusi. Ku meza kuna mufalme wa moyo, 8 ya moyo na 5 ya karo. Mwenzako ana malkia na vale za moyo. Anangojea moyo mumoja tu ili apate karata 5 za alama moja. Karata yenye kufuata inaweza kumuletea ule moyo karibu mara 1 katika 5. Kama anaona zote mbili zenye kubaki, ni karibu mara 35 katika 100.

Ku meza kuna dola 10. Ukigonga meza, anaona karata bila kulipa kitu. Ukiweka dola 5, anapaswa kulipa 5 ili apate 15. Katika mara 5, atapata 15 mara moja, na atapoteza 5 mara 4, ni kusema 20. Hesabu iko upande wako. Na kama moyo unatokea kisha anaweka pesa nyingi, usimulipe kwa ubishi juu ya asi zako.

Hatari ya tatu: pesa kidogo

Wengi hawafikirie hii. Tuseme pesa ya katikati ni dola 3, na mwenzako anafuata kila mara. Ukiweka 2, halafu 5, halafu 12, ku mwisho kuna dola 41, na 19 zimetoka mufukoni mwake. Ukipitisha zamu ya kwanza, kisha ukaweka 2 na 5, ku mwisho kuna dola 17 tu, na yeye ametoa 7. Hukupoteza mukono, lakini umekosa dola 12. Mutu mwenye anapenda kufuata haitaji kutegewa mutego. Mulipishe tu.

Wakati gani kuficha kunafaa

Kuna hali zenye ujanja unaweza kusaidia: umebaki na mutu mumoja, mutu huyo anapenda kushambulia hata bila karata, karata za meza haziko za alama moja wala hazifuatane, na mukono wako ni vigumu sana kupitwa, kama karata 4 za namba moja. Kama moja ya hizo inakosekana, afazali kuweka pesa.

Usichanganye na kuchelewesha kwa mazarau

Kuficha nguvu wakati wa muchezo si kosa. Kosa ni lingine: pesa yote imeingia, unajua kama umeshinda, lakini unakawia kuonyesha karata ili mwenzako afurahi bure, halafu unamuvunja moyo. Wachezaji wa kila inchi wanaona hiyo ni matusi, na ku meza ya marafiki inaweza kuleta fujo.

Pesa ya nyumba

Mutu mwenye amepoteza na asi mbili anaumia kuliko mwenye amepoteza na karata mbaya. Anasema "nilikuwa na haki", halafu anaongeza pesa ili arudishe ile imetoka. Hapo ndipo pesa ya chakula ao ya masomo inaingia ku meza. Kwa hiyo mupatane mapema: kiasi cha kila mutu, saa ya kumaliza, na hakuna kukopeshana katikati ya muchezo. Mwenye kiasi chake kimeisha anaamuka, hata kama karata zilimuonea.